Kofi la Njiani

Kwenye karakana ya mbao kulikuwa na shimo, na juu ya shimo alisimama mwanaume ambaye mdomo wake haujawahi kupewa likizo. Jina alilopewa na mama yake wengi walishalisahau. Walimwita Redio. Hata mke wake alimwita Redio, na ukimuuliza kisa anakwambia, "Redio za watu ukizima zinazimika. Hii yangu sijui hata betri imefichwa wapi."

Redio alikuwa mpasua mbao. Si wale wa kubonyeza kitufe halafu wanajiita mafundi. Wa mkono. Gogo linalazwa juu ya shimo, mmoja anapanda juu ya gogo, mwingine anaingia chini, na kati yao kuna msumeno mrefu wenye mpini huku na mpini kule. Wa juu anaufuata mstari uliopigwa kwa uzi wa masizi. Wa chini anavuta, na ndiye anayekata hasa, na unga wote wa mbao unamshukia usoni. Kazi hii huwezi kuifanya peke yako hata uwe na kifua cha fahali. Na huwezi kuifanya na mtu mliyenuniana, maana mkinuniana mstari unapinda, na mteja hanunui mbao yenye kibyongo.

Wa chini wake alikuwa Nanga, jitu kubwa, pole, maneno yake machache kama meno ya bibi. Siku moja walijaribu kubadilishana. Redio akaingia shimoni, na kwa kuwa kufunga mdomo hawezi, kufikia mchana alikuwa ameshakula nusu ya gogo. Wakarudi kila mtu mahali pake na suala hilo likaisha.

Hao wawili walipendana mpaka wakaozana dada. Redio alimwoa dada wa Nanga, na Nanga akamwoa dada wa Redio, kila mmoja shemeji wa mwenzake mara mbili.

"Shemeji, nakuonya," Redio alikuwa anapaza sauti kutoka juu ya gogo. "Ukimnunia dada yangu, na mimi jioni namnunia dada yako. Ila tafadhali usimnunulie viatu, sina hela."

Chini kunatoka kicheko na chafya.

Mke wa Redio alikuwa mwembamba, mchapakazi, na alikuwa na ugonjwa mmoja: alicheka vichekesho vya mumewe hata vile vibovu. Mtoto walikuwa bado hawajajaliwa. Jioni Redio akirudi, mkewe anamkung'uta mabega kwa kitambaa, anasikiliza taarifa yote ya siku, hata ile ya uongo. Redio alijisifia kwa watu mambo mengi ambayo hakuwa nayo, lakini kwa mke hakuhitaji kutia chumvi. Alikuwa naye kweli.

Sasa sikiliza jinsi mtu anavyopoteza mali kama hiyo.

Mtaa ule ulikuwa na pande mbili. Katikati mfereji wa maji machafu, na juu ya mfereji kidaraja cha zege. Huku upande wa juu, kule bondeni. Redio wa juu, Nanga wa bondeni. Ukiuliza tofauti yao ni nini, hakuna anayejua. Wanakunywa chai ileile na dukani wanadaiwa na mtu yuleyule. Lakini kila upande una heshima yake, na heshima ya upande ni kitu cha ajabu. Haina mwenyewe, ila ikiguswa wote wanaumia.

Ikaguswa kwa kinyozi. Mdogo wake Redio, kijana fundi wa baiskeli, alikuwa kwenye kiti, kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imeshanyolewa. Akaingia muuza barafu wa bondeni, akasema ile zamu ni yake, alitoka tu kufunga baiskeli. Wakajibizana. Neno likazaa neno, mpaka muuza barafu akamzaba fundi baiskeli kofi moja la shavu, mbele ya watu, kwenye kiti, upande wetu wa juu.

Angezabwa barabarani pengine yangeisha kwa kusukumana. Lakini mtu aliyefungwa kitambaa shingoni anapigwa kama mtoto anayeogeshwa! Kijana akasimama, akakivua kile kitambaa, akatoka nje na nusu ya nywele. Kinyozi anamwita, "Rudi nikumalizie!" Akajibu kwa sauti mtaa mzima usikie:

"Kichwa hiki hakimaliziwi mpaka kofi lirudi!"

Ndiyo ikawa nadhiri. Usicheke, ingawa mimi mwenyewe nilicheka. Kila asubuhi kijana anapita mtaani, upande mmoja kichaka, upande mwingine uwanja anaoufyeka mwenyewe kwa wembe, na kila anayemwona anakumbuka kwamba upande wa juu umepigwa na haujajibu. Kichwa kile kilikuwa bendera. Wakaanza kuhesabiana ubaya. Meza ya barafu ikapinduliwa. Kioo cha baiskeli kikavunjwa. Mzee mmoja wa bondeni akateguliwa mkono kidarajani, naye hata kwa kinyozi hakuwahi kufika.

Ndipo baba mkubwa wake Redio, dereva wa lori mstaafu ambaye alizoea kuamua njia ya kupita, akaita wanaume uani.

"Binti yetu anapikia watu wanaotupiga makofi?" akauliza. "Arudishwe nyumbani. Redio, ni dada yako, na yule ni rafiki yako. Nenda wewe, ukamchukue kistaarabu."

Redio akatania, "Baba mkubwa, nikimchukua dada, yule naye si atamchukua wa kwake? Nani atanipikia? Wewe?"

Watu wakacheka. Baba mkubwa hakucheka. "Kwa hiyo tumbo lako ni kubwa kuliko ukoo?"

Na Redio, bingwa wa majibu, akakosa jibu. Akaenda. Akamchukua dada yake na mtoto wake mdogo mgongoni, akipita mbele ya Nanga aliyesimama tu mlangoni, mikono imening'inia. "Ni wiki tu, shemeji," Redio alinong'ona. "Wazee wakipoa tunawarudisha wote." Nanga akaitikia kwa kichwa.

Haikupita muda, Nanga naye akatumwa na watu wake. Alifika uani kwa Redio kichwa chini. Wanaume wa upande wa juu walikuwa wamekaa pale wanatazama kama wako mpirani. Mke wa Redio akatoka na begi lake. Akasimama mbele ya mumewe.

"Niende?" akamuuliza taratibu. "Wewe sema tu nisiende."

Neno moja. Mtu ambaye alikuwa na maneno ya kugawa mtaa mzima na yakabaki! Redio akaangalia begi, akaangalia wale wanaume, akajichekesha.

"Nenda," akasema kwa nguvu ili wote wasikie. "Mtamrudisha wenyewe mkichoka kumlisha."

Uani wakaangua kicheko. Mke akabeba begi.

Usiku kitanda kilikuwa kikubwa kama uwanja. Kazini napo mambo yaliharibika. Bondeni walimkataza Nanga kuvuta msumeno na mtu wa juu, naye akahamia karakana nyingine. Redio akapewa wa chini mpya, kijana mwenye nguvu nyingi na akili chache, anayevuta kama anang'oa mti. Mbao zikapinda. Tajiri wa karakana akapima, akasonya, na mwishowe akamtoa Redio kwenye gogo, akamweka kupanga mbao kivulini. Redio akawaambia watu amepandishwa cheo.

Wiki ile moja ikawa mbili, ikawa mwezi, mvua zikaja zikaondoka. Kila upande ulitaka wake warudi. Kila upande ulichoka. Shida ilikuwa moja tu: nani aanze? Anayeanza ndiye aliyeshindwa. Hivyo nyumba mbili zikakaa baridi, zinasubiriana.

Halafu mchana mmoja, watu wamejaa pale kwa kinyozi, Nanga akatokea kidarajani. Peke yake. Mikono mitupu, kaiachia wazi, kila mtu aone hajabeba kitu. Akapita katikati ya watu wa juu mpaka mbele ya baba mkubwa aliyekuwa amekaa kwenye benchi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Hapana. Nimekuja kumwomba mke wangu na mtoto wangu."

"Kuomba?"

"Kuomba."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mabati. Yule fundi baiskeli akajitokeza na nusu kichwa chake, ambayo sasa nywele zilikuwa zimekuwa msitu. "Na kofi langu?"

"Sikukupiga mimi," Nanga akasema. "Lakini kama ndilo linalonizuia, hili hapa shavu."

Na akaligeuza. Jitu lile, ambalo lingeweza kumnyanyua kijana kwa mkono mmoja likamning'iniza kwenye msumari, likainama kidogo ili afikiwe vizuri. Fundi baiskeli akamzaba. Kofi lililia. Nanga hakupepesa macho.

Watu walianza kuona aibu, na hawakujua aibu ni ya nani. Macho yakamgeukia Redio, maana ilikuwa kawaida: pakiwa pazito, Redio anapapasua. Redio alikuwa amesimama kwenye mlango wa kinyozi. Alitaka kusema, muacheni, huyo ni ndugu yangu. Neno lilikuwa limeshafika kooni. Lakini aliona nyuso zile zinamsubiri, na ulimi, ambao umezoea kutii nyuso kuliko kumtii mwenyewe, ukafyatuka:

"Mfungieni na la njiani!"

Lo! Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kinyozi alicheka na mashine mkononi. Baba mkubwa alifuta machozi. Hakuna kichekesho cha Redio kilichowahi kupokelewa vile.

Nanga akageuka akamtazama. Si kwa hasira. Alimtazama kama vile anatafuta mtu nyuma yake, mtu aliyemzoea, na hamwoni. Kisha baba mkubwa akaagiza binti aitwe, na dada yake Redio akaja na mtoto na furushi. Alipopita mbele ya kaka yake alimfunika mtoto masikio. Wakaondoka watatu, wakavuka kidaraja, mume shavu limevimba.

Fundi baiskeli akaketi kwenye kiti akamaliziwa kichwa, bure, na watu wanapiga makofi.

"Tumeshinda," baba mkubwa akatangaza. "Sasa Redio, tulia. Wamekwisha hao. Mkeo watamleta wenyewe, tena kwa kukupigia magoti."

Redio akatulia. Hapo ndipo alipokosea, na hakuna mahali pengine. Alidhani mwenzake ameshindwa. Akafagia chumba, akanunua taa mpya, akasubiri kuletewa mke kama mtu anayesubiri mzigo.

Hakuletwa.

Bondeni nao walikuwa na hesabu yao. Wa kwao ameenda, amepigwa, amechekwa. Sasa zamu ni ya wa juu. Na watoto wa mtaa, sijui mdudu gani aliwauma, walilishika lile neno wakaligeuza mchezo. Mmoja anamgusa mwenzake shavu, anakimbia anapiga kelele, "La njiani! La njiani!" Juu wanacheza, bondeni wanacheza, mpaka chini ya dirisha la nyumba ambamo mke wa Redio alikuwa amekaa kwa kaka yake, akishona vifungo vya mashati ya kiwanda.

Mama yake Redio, ambaye alikuwa hasemi sana kwa kuwa mwanawe aliyachukua maneno yote ya nyumba, alimwambia siku moja akimenya viazi:

"Mfuate mkeo."

"Nikimfuata, mama, nitaonekana kama Nanga."

"Nanga kwake jioni taa inawaka."

"Watanicheka."

"Wamekucheka miaka yote, mwanangu. Ulikuwa unafurahi."

Hakwenda. Akajikaza. Ila siku alipokutana na dada yake sokoni, akamuuliza kama mtu anayeuliza bei, "Hajambo huko?"

"Hajambo."

"Ananiuliza?"

Dada akapanga nyanya zake kwenye kikapu. "Mwanzoni alikuwa anauliza kila siku. Umekula nini, umevaa nini. Baada ya yale ya kinyozi bado alikuwa anakaa dirishani, anasema, atakuja, hata kwa kuchelewa, yule mdomo ndio mbaya lakini moyo sio. Siku hizi haulizi, kaka."

Hilo lilimkata maini. Angeambiwa anamtukana angelala usingizi.

Kesho yake akavaa shati safi akatoka. Pale kwa kinyozi wakamwuliza anakwenda wapi. "Kumchukua mke wangu," akasema, na kifua mbele. Wakamshangilia kama anakwenda kuchukua kombe.

Alipovuka kidaraja alijiandaa kupigwa. Kusema kweli alikuwa analitamani hilo kofi. Alikuwa ameshalipigia hesabu: atalipokea, litalia, watacheka, atakuwa amelipa, mambo sawa. Lakini bondeni hakuna aliyempiga. Muuza barafu mwenyewe alimsalimia. Wanawake wakasogeza ndoo apite. Nanga akafungua mlango, akamtazama, akasema, "Karibu, shemeji," na kumpa kiti.

"Nipige," Redio akamwambia. "Nakuomba. Mbele ya watu. Twende nje."

"Kaa, shemeji."

"Nilisema vile kwa sababu..."

"Najua ulivyosema," Nanga akasema. "Nilikuwepo." Akatoka nje, akawaachia chumba.

Mke akaingia. Alikuwa amepungua kidogo, sindano imechomekwa kwenye blauzi, uzi unaning'inia. Akamletea maji kwenye glasi juu ya sahani, akainamisha kichwa.

"Karibu maji, kaka."

Kaka! Redio akaiweka glasi chini bila kunywa.

"Mimi ni mume wako."

"Ulikuwa."

"Nimekuja. Si hivi nimekuja? Watu walinizuia, wazee, ule upuuzi wao..."

"Siku ile ya begi nilikusamehe," akasema. Hakupandisha sauti. "Wanaume walijaa uani, nikasema, ameona haya, atanifuata gizani. Sikukasirika hata kidogo. Halafu kaka yangu akaenda kwenu. Hakuna aliyemtuma. Huku walimkataza, wakamwambia akirudi asiwasalimie. Alikwenda kwa ajili ya dada yako. Nikasema moyoni, sasa Redio ameonyeshwa jinsi inavyofanywa. Nilifunga begi siku ileile. Nikavaa na viatu."

Redio akafungua mdomo.

"Ngoja. Wote walicheka, na wote nimewasamehe, siwajui. Lakini lile neno lilikuwa lako. Nalijua, lina sauti yako. Mimi ndiye niliyekuwa nacheka vichekesho vyako, hata vibovu. Hicho wanakicheza watoto hapo dirishani kila jioni. Kila wakikisema, naona kaka yangu anainama ili afikiwe."

"Niambie nifanye nini."

"Huna la kufanya. Ungenipiga mimi kofi ningejua pa kuuguza." Akaichukua glasi ambayo ilikuwa haijanywewa. "Na mimi nina heshima yangu, wewe bwana. Haina upande. Ni yangu tu. Rudi salama."

Redio hakuwa na kichekesho. Alikitafuta, wallahi alikitafuta, mfuko mzima ulikuwa mtupu. Akasimama, akapita mbele ya Nanga aliyekaa kizingitini na mtoto mapajani, akaondoka.

Upande wa juu walikuwa wanamsubiri. Kinyozi ametoa viti nje. Baba mkubwa yuko kwenye benchi. Walipomwona yuko peke yake, vicheko vikakatika.

"Yuko wapi?" fundi baiskeli akauliza.

Redio akageuza uso kule kidarajani.

"Wamekuzuia? Au amekukataa?" Kijana akasimama. "Mwanamke wa bondeni amemkataa kaka yangu? Ametukataa sisi?"

"Hebu sema tena," baba mkubwa akanguruma, akishika fimbo yake. "Tulimrudishia mtu wao mke, wao wanatutemea mate?"

Watu wakaanza kusimama mmoja mmoja. Mmoja akaokota chuma cha kufungulia tairi. Redio akaziona nyuso zile, zilezile, zinamsubiri aseme. Aliona mkono ulioteguka wa yule mzee. Aliona mlango wa Nanga, dada yake ndani, mtoto, na yule mwenye sindano kwenye blauzi. Akisema amekataliwa, leo hii kidaraja kinafurika watu. Akisema yeye ndiye kamwacha, bondeni watakuja wao.

"Sikufika," akasema.

"Nini?"

"Sikufika kwao. Nilivuka kidaraja nikawaona wale vijana wamekaa, nikaogopa. Magoti yaliisha. Nikajificha nyuma ya choo cha sokoni mpaka sasa hivi."

Wakamtazama. Kisha mtu akapasuka kicheko, na mwingine, na wote. Chuma kikarudi chini. Fundi baiskeli akamwigiza kaka yake anavyochungulia chooni, magoti yanagongana, watu wakaanguka. Baba mkubwa akatema mate pembeni akasema mwanaume wa namna hiyo hata mke akimrudia ni sadaka. Wakampa jina jipya palepale, na ndilo alilobaki nalo: Chooni. Redio akacheka nao, kwa sauti kuliko wote, maana angenyamaza, mmoja wao angemwangalia usoni.

Alipoingia nyumbani mama yake alikuwa jikoni, ameshasikia kelele za nje.

"Kwa hiyo hukufika?"

"Sikufika, mama."

Mama akatazama viatu vyake. Vilikuwa vimejaa tope jeusi, lile la uchochoro wa kwa Nanga, ambalo huku juu halipo. Alimwambia, "Vua," akavichukua, akamimina maji, akaanza kuvisugua mwenyewe haraka haraka, kabla mdogo wake Redio hajaingia.